Transfoma ya Danieli

Ninyi wa rika langu mtakumbuka: wakati wa Mwingereza umeme ulikuwa kitu cha misheni. Kwetu Lulindi, majumbani tuliwasha koroboi. Jenereta la misheni lilipoanza kunguruma alasiri, tuliacha mchezo wa korosho, midomo ikinata mabibo, tukakimbilia dirisha la karakana kutazama taa ikiwaka mchana kweupe.

Danieli alikuwa mtoto wa mama mkubwa. Tulilala mkeka mmoja, tukala ming'oko, vile viazi vya porini, kwenye ungo mmoja, na nilimwonea wivu tangu nipate akili. Akitengeneza manati, ndege wanaanguka. Nikitengeneza mimi, mpira unanirudi usoni. Mama naye hakunionea huruma: "Mwenzio ana mikono, wewe una mdomo tu."

Siku moja Fundi Matayo, mwangalizi wa jenereta, alikuja darasani kutafuta mwanafunzi wa kumsaidia karakana. Alitaka atakayesuka transfoma ya kupunguza nguvu ya umeme, mpaka uwashe balbu ya tochi bila kuiunguza. Na huyo hangechota maji ya shule tena. Mnayajua maji ya kwetu: unateremka bondeni na ndoo, unarudi kilimani nayo kichwani, shingo inazama mabegani. Niliitaka nafasi ile kuliko chakula.

Tulijitokeza wawili, mimi na Danieli. Tulikata vipande vya bati kwenye madebe mabovu, tukavipanga kuwa kiini cha chuma. Waya wa shaba tuliugawana kutoka dinamo ya lori bovu. Mimi nilisuka mbiombio, nikitenga tabaka na tabaka kwa gazeti kavu. Danieli alisuka taratibu kama mtu anayesuka ukili. Kila karatasi aliipaka mafuta ya maganda ya korosho, akaianika. Vidole vilimbabuka vyote kwa ukali wa mafuta hayo.

"Paka na wewe, ndugu yangu," aliniambia. "Gazeti tupu litaungua."

"Unataka nichelewe tu," nikamjibu.

Siku ya kujaribu, karakana ilijaa wazazi. Yangu ilitangulia. Ikakoroma, ikanuka, moshi ukafuka, Fundi akachomoa waya haraka. Watu wakaangua kicheko. Ya Danieli ikavuma kidogo kama nyuki, kisha balbu ikawaka. Mama yangu, mama yangu mzazi, alipiga vigelegele kumshinda Mama Danieli!

Jumatatu yake yeye akaenda karakana, mimi bondeni na ndoo. Shati lake lilipoanikwa uani nilikuwa nikinusa ile harufu yake ya dizeli, roho ikiniuma. Baadaye alipata kazi ya umeme Dar es Salaam, akawa anarudi likizo na viatu vinavyong'aa. Mimi nikafundisha shule Makote. Kila alipokuja alinikumbatia kwanza kabla ya wote, na hata hilo liliniudhi.

Juzi chaja ya mjukuu wangu ilikufa. Nikamwambia tuifungue tuone. Akacheka: "Babu, tunanunua nyingine!" Akaitupa. Watoto wa siku hizi, umeme uko ukutani na hawana habari nao. Nawaonea wivu hao pia. Nikaiokota, nikaipasua kwa kisu. Ndani mlikuwa na transfoma ndogo kama ncha ya kidole gumba, waya wake mwembamba kuliko unywele, umesukwa vizuri ajabu. Nikageuka nimwonyeshe mtu. Danieli tulimzika mwaka jana.