Maua ya Kuzuia Dirisha

Nilishuka Moshi kununua maua nikiwa bado nimevaa nguo nyeusi, na huku kijijini Kilema wakasema mjane amerukwa na akili. Waseme. Mdogo wa marehemu mume wangu alikuwa ameshaamua, bila kuniuliza, kwamba Krismasi atakuja kuifunga nyumba, na mimi niende Dar nikakae kwa mwanangu. "Shemeji, utabaki hapa kihambani, kwenye shamba la ukoo, na nani?" Na migomba yangu, na ng'ombe wangu! Mchanga wa nyumba ile niliubeba kwa kichwa hiki hiki kutoka mtoni. Niondoke? Thubutu!

Madirisha yetu ni ya mbao, yanafungukia nje. Fundi alipokuja kupigilia visanduku vya maua kwenye vizingiti alinionya, "Mama, hivi vikikaa hapa, dirisha halifungi tena."

"Ndiyo maana nimekuita," nikamjibu.

Muuza miche mjini, mama wa makamo kama mimi, alinisifia kwanza vijiua vya zambarau vilivyojikunyata. Hapana. Akaleta mmea wenye majani ya rangi ya fedha. Mzuri, lakini nani atauona kutoka barabarani?

"Dada, unataka nini hasa?"

"Ya kuning'inia mpaka chini, mekundu, na yashuke haraka. Anayepita ajue humu anaishi mtu. Mwenye macho haambiwi tazama."

Akacheka, akanivutia petunia. "Hizi zina kiburi," akasema.

"Hizo hizo."

Madirisha yakabaki wazi, na baridi ya mlimani ikanitafuna mifupa. Nikaongeza blanketi, asubuhi nikamwagilia.

Shemeji alifika Krismasi na kufuli mpya mkononi. Petunia zilikuwa zimefunika ukuta wa mbele, na watu waliotoka misani walisimama barabarani kuziangalia.

"Shemeji, toa haya majani tufunge."

Nikaingia ndani, nikamletea panga. "Haya, kata. Kata wakuone unavyomfukuza mke wa kaka yako."

Alilishika panga, akawatazama wale watu. Hakuna aliyeondoka. Mwisho akaliweka chini na kufuli akairudisha mfukoni.

"Basi tukanywe chai," akasema, akaelekea mlangoni kama mwenye nyumba.

Nikamkingia njia. "Piga hodi kwanza, shemeji."

Akapiga, na watu wanasikia.

"Karibu kwangu," nikamwambia.