Nilisema mkutanoni kwamba nilijenga peke yangu, mama mmoja akanikumbusha nani alibeba tofali

Wakuu, salamu kwenu wote, wenye nyumba na wapangaji.

Humu nimekuwa msomaji tu. Naingia, nacheka, natoka. Leo naweka uzi wangu wa kwanza. Mimi ni darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililimaliza kwa shida, kwa hiyo herufi zikipishana mnivumilie. Ila nitakachosema ni cha kweli. Nikifika pa kujisifu nitajisifu, maana hilo nalo ni kweli.

Nipo Sumbawanga. Mzaliwa wa Ilemba, kule bondeni kwenye joto. Nilipanda huku juu kijana mdogo, begi moja, sweta sina. Anayeijua baridi ya Sumbawanga ya mwezi wa sita atanielewa.

Nilianza kwa kubeba magunia sokoni. Nikafyatua tofali. Nikauza misumari kwenye meza. Leo nina duka la vifaa vya ujenzi mtaa wa Majengo, nina Fuso, na nyumba... basi nisizitaje, wapangaji wangu wengine wako humu.

Lakini fahari yangu kubwa ni kwamba nilijenga nyumba yangu ya kwanza nikiwa na miaka ishirini na tatu. Nimelisema hilo kwenye harusi, kwenye kipaimara, hadi msibani, na kwa kila mfanyakazi aliyewahi kuniomba nimwongeze mshahara. Nilijenga peke yangu, hakuna aliyenishika mkono. Watoto wangu wanaijua hiyo kama Baba Yetu.

Sasa twende kwenye kisa.

Mtaa ninaokaa upo pembeni ya mji, upande wa kwenda Mpui. Zamani kilikuwa kijiji, mashamba ya mahindi na ulezi. Mji ukatufuata, ardhi ikapimwa, viwanja vikapanda mpaka kijana wa kawaida akiuliza bei anacheka kwanza, halafu ananyamaza. Walionunua wengi ni sisi wenye nazo. Wengine hata hawakai hapa, wamezungushia uzio tu, majani yanaota.

Mmoja wa vijana wachache waliopata kipande ni Dismas, fundi wa kuchomelea. Geti langu ni kazi ya mkono wake, na madirisha ya nyumba zangu zote. Kijana ana adabu, na kazi yake haina kona mbovu.

Alikuwa amepanga chumba mjini na mke wake, Fides. Kila kodi ikiisha, mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo na bei imepanda. Fides alipojifungua wakachoka. Wakasimamisha chumba kimoja nyuma ya kiwanja chao, tofali za kuchoma, bati za kawaida, plasta hakuna. Wakahamia kibabe na mtoto wa wiki tatu. Mbele wakaacha nafasi ya nyumba kubwa, Mungu akijalia.

Fundi anayetengenezea watu mageti, mlango wake yeye unafungwa kwa waya. Mimi niliuona ule mlango nikacheka. Nakiri.

Kiwanja chake kinapakana na changu ninapojenga nyumba ya wageni. Na wakati huo nilikuwa mjumbe wa kamati ya mtaa, uenyekiti nilishaanza kuunusa. Nikaja na hoja yangu: sasa sisi ni mji, ni marufuku mtu kuishi banda la uani kabla nyumba ya mbele haijafika lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Aliyekwisha kuhamia atoke, ajenge, ndipo arudi. Na nyumba zote zinazotazama barabara zipauliwe kwa bati za rangi.

Duka la karibu linalouza bati za rangi ni la nani, nadhani mmeshajua.

Kamati waliipenda. Diwani naye akatuma salamu kwamba akipata muhtasari atausukuma mbele. Ikabaki kusomwa kwa wananchi.

Mkutano ukafanyika Jumapili baada ya misa ya pili. Watu wamejaa, nguo safi. Nikapewa nafasi, na mimi nikipewa nafasi huwa nasimama kweli. Nikawapasha vijana. Nikawaambia wanataka vya mteremko, hela zinaishia kwenye bando na mikeka ya kubeti, halafu wanatujazia mtaa mabanda. Nikamalizia na ile sala yangu ya peke yangu. Wenye nyumba walipiga makofi mpaka nikarudia.

Dismas akanyoosha mkono.

"Shikamoo mzee. Mimi sibishani na wakubwa, nauliza ili nijifunze. Wakati unajenga hiyo nyumba ya kwanza, ulikuwa unalala wapi?"

Vijana nyuma wakaguna. Nikajibu kwamba nililala uani, lakini hiyo ilikuwa zamani, kilikuwa kijiji, utaratibu haukuwepo. Nikadhani nimemaliza.

Ndipo akasimama Mama Leonsi. Huyu ni mjane wa mzee aliyenipa kiwanja changu cha kwanza. Mtaa mzima unaniita Baba Deo. Yeye peke yake ananiita jina la ubatizo.

"Kalisti, huyo peke yako ni nani?"

Nikageuka kumtazama.

"Ardhi alikupa mume wangu kwa jogoo mmoja, na huyo jogoo tulimla na wewe. Ulezi wa pombe ulitoka ghalani kwangu, maana mama yako alikuwa Ilemba. Udongo walikanyaga vijana wa hapa. Tofali tulibeba sisi wanawake, kutoka mtoni, mimi nina mimba ya Leonsi. Wewe siku ile ulikuwa na homa. Ulikaa kwenye gunia, umejifunika blanketi, unatuhesabia."

Wakuu, watu walicheka. Hata mwenyekiti, ambaye hajawahi kuonekana meno, alicheka.

Na kibaya zaidi, ilikuwa kweli. Naapa sikuwa nadanganya miaka yote. Nilikuwa nimesahau. Ukikisimulia kitu kila siku bila kumtaja mtu, mwisho wa siku yule mtu anatoka kabisa kichwani.

Huku kwetu zamani ukitaka kujenga ulikuwa unapika pombe ya ulezi na kuwatangazia majirani siku. Wanakuja alfajiri, jua likizama kuta zimesimama. Ndivyo nilivyojengewa mimi, kuanzia kile chumba cha uani. Nilijengewa, wakuu. Naliandika neno hilo kwa mara ya kwanza.

Mama Leonsi hakuwa amemaliza. Akahamia Kifipa, nami nawatafsiria. Alisema Leonsi, yule wa tumboni, leo ni mtu mzima na amepanga chumba kimoja, kiwanja hana. Shamba la baba yake ndilo hili tulilokalia. Waliligawa na kuliuza kidogo kidogo wakidhani ardhi haiishi.

Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini tu:

"Ulilala ndani ya kile chumba cha uani siku ileile, paa limefika nusu. Mwenyekiti wa kijiji alipopita alikuambia nini?"

Nilikumbuka. Nilikumbuka mpaka kofia aliyovaa.

"Aliniambia karibu, sasa wewe ni mwenzetu."

"Alikuuliza lenta?"

"Hakuniuliza, mama."

Akakaa. Mwenyekiti akaahirisha, akasema kamati itakutana tena ndani ya wiki iamue.

Nilirudi nyumbani nimevimba. Mke wangu, Mama Deo, habari zilishamfikia, akanipakulia ugali huku anajizuia kucheka, akashindwa. Sikula. Nikaenda uani. Kile chumba changu cha kwanza bado kipo, nahifadhia saruji. Nikakipima kwa hatua. Nne kwa tatu.

Kesho yake nikaenda kwa Dismas, nikijifanya nauliza habari za bawaba za geti. Hakuwepo, yuko kazini. Fides akanipa shikamoo na kigoda, kigoda kilikuwa kimoja. Nikapima kwa macho. Tano kwa nne. Chumba chao ni kikubwa kuliko nilichoanzia mimi.

Mtoto amelala kitandani. Pembeni yake kuna gunia, nguo zimeshaingizwa nusu.

Fides hakuniletea maneno. Aliuliza tu kama mtu anayeuliza saa.

"Mzee, tumalize kufunga mizigo, au tusubiri?"

Nimejibizana na matajiri, na maafisa, na madereva wa malori ya mkaa. Yule binti nilimrudishia kigoda chake. Nikamwambia, subirini. Nikaondoka bila hata kuzitaja bawaba.

Kamati ilipokaa niliiondoa hoja yangu mwenyewe. Wenzangu walinishangaa. Mmoja, rafiki yangu wa miaka mingi, akaniambia nimewaangusha, na kwamba uenyekiti nisahau. Tukavutana mchana kutwa. Mwisho likapita la kati: waliokwisha kuhamia wasibughudhiwe, na wanaokuja waonyeshe msingi tu wa nyumba ya mbele, mengine kadiri Mungu anavyomjalia mtu. Habari za bati za rangi zikafa kifo cha kawaida.

Fomu ya uenyekiti sikuchukua, walioahidi kunisukuma walinikimbia. Ningechukua ningeshinda, hilo mjue. Ila basi.

Dismas bado hakuwa na msingi. Nikatangaza siku, kama zamani. Wakuu, zamani imeondoka. Siku hizi ukimwita mtu kwenye msaragambo, kazi ya kusaidiana, anauliza kwanza posho. Tulifika saba tu: mimi, Dismas, Leonsi, vijana watatu wa karakana anayochomelea Dismas, na Mama Leonsi mwenyewe, ambaye alikuja na kiti chake na chupa ya uji wa ulezi akasema leo zamu yake ya kuhesabu.

Fuso langu lilileta tofali na mawe. Bure, na andikeni kwamba nimesema bure. Nami nikashuka, nikabeba. Mgongo wangu wa leo si ule wa kwenye magunia, lakini nawaambia nilibeba nyingi kuliko wale vijana wa karakana wote watatu.

Fides, mtoto mgongoni, akasema, "Mzee, mbili ulizidondosha."

"Tatu," akasema Mama Leonsi.

Jioni msingi ulikuwa umezunguka pande zote nne. Wakati naondoka nikasimama pale kwenye mlango wa waya, nikampa Dismas mkono, nikamwambia karibu, sasa wewe ni mwenzetu. Akacheka, akadhani namtania. Mama Leonsi hakucheka. Aliitikia kwa kichwa, akakunja kiti chake, akaenda zake.

Nilichojifunza, kwa elimu yangu hii ndogo: vijana si wavivu kama tunavyowasema. Mikeka wanabeti, hilo silitetei. Lakini mimi ardhi nilipewa kwa jogoo. Leo nenda na jogoo ofisi ya ardhi uone kama hawatakuuliza, umepotea njia? Tulipanda kwa ngazi, tukafika juu ya dari, tukaivuta ngazi juu, halafu tunawaambia walio chini waruke.

Na ninyi wanasiasa mliomo humu, mkija kwetu kutuomba kura na ahadi za mji wa kisasa, ulizeni kwanza nani atafungishwa gunia ili mji huo upendeze.

Nawaachia uwanja. Wenye nyumba mnaosoma hapa, msinipe pongezi. Andikeni jambo moja tu: tofali zako wewe alibeba nani? Mtaje kwa jina. Na usiniambie hakuna, hiyo nimeisema mimi miaka thelathini.