Mektilda Alivyopangiwa Nafasi Zote za Mchezo

ZOTE! Jamani, bibi yangu alipewa nafasi ZOTE! Chifu yeye, Binti yeye, mama wa Binti yeye, mlevi yeye, mpaka ng'ombe wa mahari yeye! Mwalimu wa kwaya alisimama mbele ya watu wa Nangara, akafungua daftari, akasoma: "Chifu, Mektilda. Binti, Mektilda. Mlevi, Mektilda." Watu wanatazamana tu. Bibi anasema hajawahi kusikia jina lake likiwa tamu namna ile.

Ngoja nianze mwanzo maana nimeruka.

Ilikuwa 1983. Bibi ana miaka kumi na nane, anaishi Nangara na mama yake, Natalia, baba alishafariki. Mkoa wa Manyara hata haujawazwa, Nangara yetu ya Babati bado iko mkoa wa Arusha. Na madukani hamna kitu. Sio kwamba vitu vilikuwa bei juu, hapana, hamna! Muuza duka anafungua asubuhi, anapangusa rafu tupu, jioni anafunga. Sabuni hakuna, watu wanafulia majani ya mpapai. Ukiona mtu amevaa shati jipya unamuuliza kama amefiwa na tajiri.

Sasa katikati ya dhiki hiyo, kwaya ikaamua kurudisha mchezo wa zamani. Unaitwa Chifu Asonge Mwenyewe. Ni mchezo wa kuimba mwanzo mwisho, nyimbo kumi na moja, alitunga katekista mmoja ambaye alishakufa. Chifu anataka kumuoa Binti, Binti anasema sawa, ila usonge ugali mwenyewe mbele ya watu wote. Basi chifu anahangaika na mwiko, anaungua vidole, wazee wanaona aibu, kuna mlevi anamtania, ndo hivyo. Mara ya mwisho ulichezwa 1971. Bibi alikuwa na miaka sita, alikaa chini mbele kabisa, akarudi nyumbani anajua wimbo wa Binti wote. Tangu siku hiyo akawa anauimba. Akisaga anauimba. Akichunga anawaimbia mbuzi. Mama yake alishamwambia, "Mek, mbuzi wangu watakataa kuolewa."

Kwa hiyo unaelewa. Miaka kumi na mbili anasubiri mtu aseme mchezo unarudi. Na alitaka nafasi moja tu, Binti. Hakutaka kuwa mama wa Binti, wala jirani wa Binti. Binti.

Mwalimu wa kwaya alikuwa Mwalimu Teodori, mtu mrefu, mkali, shati moja, linafuliwa Jumamosi. Jumapili akawabakiza vijana wa kwaya baada ya ibada. Akawaambia, "Sikilizeni. Kitambaa hakuna, fundi hana hata uzi. Mavazi hatutashona. Kwa hiyo nafasi nitapanga kwa vitu. Mwenye gauni jeupe ndiye Binti. Mwenye viatu ndiye Chifu. Jumatano napita nyumba kwa nyumba na daftari, naandika nani ana nini. Jumapili nasoma majina."

Bibi anasema moyo ulianguka puu! Sauti anayo. Gauni hana. Ana nguo mbili, moja ya shamba na nyingine ya shamba pia ila haijachanika.

Wiki hiyo kisimani hakuna habari nyingine. Nani Chifu? Fabiani, nani mwingine, si ndiye mwenye viatu vya kamba, wengine wote tumevaa katambuga za tairi. Nani Binti?

"Redempta," wakasema wote.

Redempta alikuwa rafiki yake bibi wa toka utoto. Shangazi yake alimletea gauni jeupe kutoka Arusha, lina marinda, lina utepe. Ila kuimba! Bibi anasema Redempta akiimba ni kama mlango unafunguliwa.

"Na wewe Mek utakuwa nani?" mmoja akamuuliza.

"Sijui."

"Ng'ombe wa mahari! Ngozi si mnayo?"

Wakacheka. Redempta peke yake hakucheka, alijitwisha ndoo yake akaondoka, bibi akajua anaringa.

Sasa wiki ileile ndo redio ikawa inatangaza msako. Wahujumu uchumi! Waliolangua, waliofungia vitu ndani, wote wanakamatwa. Ukweli ulikuwa ni wafanyabiashara wakubwa wanaotafutwa, ila habari ikifika Nangara imeshaota mkia na masikio. Eti ukiwa na jozi mbili za kitu chochote unafungwa. Eti kijiji cha Nakwa kuna bibi kizee ameulizwa ana sufuria ngapi.

Na Mwalimu Teodori naye, mtu wa heshima, akaona si vizuri kuingia majumbani kwa watu bila kiongozi. Akamchukua balozi wa nyumba kumi, Mzee Anselimu, watembee naye.

Umeona kosa?

Jumatano asubuhi, vijana wengi wako shambani, wazazi ndo wako nyumbani na wao hawakuwepo kwenye kikao cha kwaya. Wanaona mwalimu anakuja, mkononi daftari. Pembeni yake balozi. Halafu swali la kwanza, "Hapa mna viatu?"

Weee! Habari ilikimbia kuliko wao. Wakifika nyumba ya tatu, nyumba ya kumi ilishaficha. Baba yake Fabiani, mfuga nyuki, akachukua viatu vya mwanawe akavisukumiza ndani ya mzinga wenye nyuki, juu ya mti. Akashuka anajikuna, mwalimu anafika.

"Mzee, Fabiani ana viatu?"

"Fabiani? Hata miguu sijui kama anayo."

Mwalimu akaandika: hakuna.

Kwa kina Redempta, baba yake, Mzee Yoakimu, alikuwa amelitia gauni kwenye gunia akalifukia kwenye samadi zizini. Akasimama juu yake. Kwa miguu yote miwili.

"Mzee Yoakimu, binti yako ana gauni jeupe?"

"Gauni gani?"

"Tumeliona kanisani Pasaka."

"Mliona vibaya."

"Redempta mwenyewe yuko wapi?"

"Mimi sina binti," mzee akasema. Na Redempta amesimama nyuma yake na ufagio! Redempta alikuwepo kwenye kikao, alijua kabisa daftari ni la nini, ila akanyamaza kimya, anafagia tu.

Mwalimu akaandika: hakuna. Balozi akamnong'oneza, "Mwalimu, mbona hawa watu wanatetemeka?" Mwalimu akasema ni baridi.

Sasa huku kwa bibi. Bibi hakwenda shamba siku hiyo, alijifanya tumbo linauma. Mama yake, Natalia, anazunguka ndani kama kuku anayetaka kutaga. Ana shuka moja jeupe sandukuni, na mbaya zaidi ana miche mitatu ya sabuni. Miche mitatu! Alibadilishana na debe la maharage kwa mtu wa njiani, usiku ule hakulala kwa furaha, leo hajui aifiche wapi. Akaiweka kwenye kihenge cha mahindi, akaitoa. Akaiweka chini ya kuku, kuku akakataa. Mwisho akaikalia, na shuka amejifunga tumboni ndani ya nguo.

Hodi.

"Karibuni," Natalia akasema, hajanyanyuka.

"Shikamoo Mama Mektilda," mwalimu akasema. "Tunaandika vitu. Hapa mna nini?"

"Marahaba. Hapa hatuna kitu. Tuna njaa na huyu mtoto."

Bibi akatoka jikoni mbio. "Mwalimu, tunavyo! Tuna shuka jeupe, amejifunga! Na sabuni miche mitatu, ameikalia! Na ngozi ya ng'ombe, na koti la marehemu baba, na mwiko mkubwa, andika, andika vyote!"

Natalia akapiga yowe. "Mwanangu ananifunga! Anselimu, wewe ni shahidi, sijalangua, nilibadilishana tu na maharage!"

"Mama Mek, nani anakufunga?" balozi anauliza.

"Nimemnyonyesha kunguru mimi! Haya, twendeni, ngoja nichukue kanga."

Alishafika mlangoni anajipeleka polisi mwenyewe. Ikabidi mwalimu amkalishe amweleze habari ya mchezo polepole. Akaelewa. Akamtazama bibi, akasema, "Shuka likikatwa, nakukata na wewe."

Ndo Jumapili ikafika. Baada ya ibada mwalimu akaita watu wote nje, wazazi kwa watoto. Alikuwa na hasira, maana kazunguka kutwa na daftari lina neno moja tu, hakuna, hakuna, hakuna.

"Nilisema anayetoa vitu ndiye anayepewa nafasi," akasema. "Nangara nzima aliyetoa ni mmoja." Ndipo akasoma kama nilivyosema kule juu. Akafunga daftari. "Mektilda atacheza mchezo peke yake. Atajiposa, atajikataa, halafu atajisongea ugali."

Mzee mmoja akauliza, "Kumbe ilikuwa ni mchezo?"

Jamani! Hapo ndo watu walitawanyika. Mwingine anakumbuka ghafla ana kofia, mwingine ana mkanda. Baba yake Fabiani akatazama upande wa mti wake, akajikuna. Mwalimu akawapa mpaka saa kumi walete vitu, apange upya.

Bibi akabaki amesimama pale uwanjani. Dakika kumi alikuwa Binti. Sasa gauni jeupe likifika saa kumi ndo basi tena, na shuka la mama si gauni. Akarudi nyumbani anavuta miguu.

Hajakaa, Mzee Yoakimu huyo, ameshika beseni, Redempta yuko nyuma. Ndani ya beseni kuna gauni. Lilikuwa jeupe. Gunia lilikuwa na tundu, na ng'ombe ni wanane.

"Mama Mek," Mzee Yoakimu akasema kwa upole, "nimesikia mna sabuni."

"Ulisikia wapi?"

"Si Mek alitangaza!"

Natalia akamgeukia bibi. "Haya, mwenye sabuni. Tunampa au hatumpi?"

Bibi anasema hapo alitaka kusema hapana mpaka ulimi ukawasha. Bila sabuni gauni ni la samadi, na saa kumi inakuja. Akaliangalia lile gauni. Akamwangalia Redempta, ameinama. Wamelelewa pamoja, wamekula mua mmoja. Akasema, "Lete. Nalifua mimi."

Wakaenda mtoni wawili. Bibi anafua huku machozi yanatoka, na kwa hasira anaimba wimbo wa Binti kwa nguvu zote, kama vile anaagana nao. Akaumaliza wote. Redempta amekaa juu ya jiwe.

"Mek."

"Nini."

"Mimi sitaki."

"Hutaki nini?"

"Kuwa Binti! Nikisimama mbele ya watu kuimba nasahau hata jina langu. Unadhani kwa nini nilinyamaza siku ile na daftari? Nilimuona baba anafukia, nikasema ahsante Mungu."

Bibi akaacha kufua. "Mjinga wewe! Wiki nzima najua unaringa!"

"Naringa na nini? Mimi nataka mlevi."

"Mlevi ni mwanaume."

"Na Mzee Anselimu ni mwanaume, anaweza kuanguka kama mimi?" Na akaanguka pale juu ya mawe, akainuka, akayumba, akaomba njia kwa mti. Bibi alicheka mpaka gauni likaanza kuondoka na maji, wakalikimbiza.

"Mwambie baba yako basi."

"Nitamwambia. Ukiwa karibu."

Saa kumi watu wamejaa. Gauni limeng'aa, Mzee Yoakimu amelishika juu kama bendera. Fabiani amefika na viatu, kavifuata mwenyewe mzingani, uso umevimba, jicho moja halionekani. Mwalimu akasema Chifu wa mchezo lazima aonekane ameshiba, kwa hiyo safi.

"Binti," mwalimu akaanza, "ni Redem..."

"Mwalimu, hapana," Redempta akasema. Amemshika bibi mkono mpaka kucha zinaingia. "Gauni natoa. Aimbe Mek. Mimi naomba mlevi."

Mzee Yoakimu akaruka. "Nini? Nimesimama juu ya samadi asubuhi nzima kwa ajili ya gauni hilo, leo unampa mtu?"

Redempta aliachia mkono wa bibi, akaanza kutembea. Kiuno mbele, fimbo kwapani, hatua tatu anasimama, anakohoa, anageuka kumkaripia mtu ambaye hayupo. Watu wakaanza kucheka taratibu. Akafika kwa mwalimu, akajipigapiga kifua, akasema kwa sauti nzito, "Mimi sina binti!"

Watu walilala chini! Mzee Yoakimu anageuka huku na huku. "Anamuiga nani? Nani huyo?"

"Wewe!" wakasema wote, mpaka mke wake.

Mzee akakaza uso. Akakaza. Akashindwa, kicheko kikamtoka puani. "Lakini mimi sitembei hivyo," akasema, akaenda kukaa, na alitembea hivyohivyo.

Mwalimu Teodori akasubiri watulie. Akamtazama bibi. "Imba."

Bibi akaimba ubeti mmoja tu. Wale wazee waliouona mchezo 1971 wakaanza kuitikia kutoka walikokaa, hakuna aliyewaambia. Mwalimu akalamba kalamu, akafuta, akaandika, akasema mazoezi ni Jumanne na atakayechelewa atacheza ng'ombe.

Bibi alikimbia nyumbani njia nzima. Mama yake yuko mlangoni anapepeta mahindi.

"Umepata?"

"Nimepata, mama!"

Natalia akaendelea kupepeta. Akapepeta weee. Halafu akasema, "Haya, sasa ujifunze wimbo wa pili, wa kwanza mbuzi wote wanaujua."

Ukishamaliza kusoma, naomba umtumie na mwenzako naye asome.