Kipanga na Daktari wa Marubani

Walimwita Kipanga kwa jinsi alivyokuwa akiishusha ndege juu ya mashamba ya pamba, chini kabisa, wapalizi wa shamba la jirani wakishika kofia zao. Alimwaga dawa, kisha akapaa ghafla, miti ikiwa imemkaribia usoni. Kazi hiyo aliifanya tangu ujanani hadi asubuhi aliyokwenda kwa daktari wa marubani kupimwa, kama kila mwaka, akatoka bila cheti.

Daktari alisema moyo wake una mlio. Hilo Kipanga angeweza kulimeza. Lililomkaa kooni kama mwiba wa samaki ni kwamba, akiwa bado anafunga vifungo vya shati, Daktari aliufungua mlango akawaambia marubani waliokuwa wakisubiri kwenye benchi, "Anayefuata. Huyu tumeshamwondoa angani." Wakacheka. Pengine walicheka kwa woga, maana kila mmoja wao alikuwa na kifua chake cha kupeleka mle ndani. Lakini walicheka.

Kampuni haikumfukuza. Ilimpa stoo. Kwa miaka kumi na minane aliwapimia dawa marubani wale wale, akawaoshea miwani na barakoa, akawatazama wakipaa. Vijana waliokuja baadaye walimwamkia kwa adabu, na kila shikamoo ilimtua shavuni kama kofi. Katikati ya miaka hiyo aliugua kichomi. Mganga wa zahanati alimsikiliza, akamwambia shida ni mapafu, moyo hauna neno. Kipanga aliyabeba maneno hayo hadi nyumbani kama mtu aliyeokota kisu njiani. Tangu siku hiyo hakujiona tena kuwa mgonjwa. Alijiona ameibiwa.

Alipostaafu, shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyekuwa fundi wa ndege kwenye kiwanja kidogo nje ya mji, alimletea habari. Palikuwa na klabu ya watu wanaorusha ndege kwa starehe tu. Walikuwa na ndege moja ya viti viwili, kuukuu lakini yenye afya, na cheti chao hakikuwa na masharti makali kama kile cha rubani wa kazi. Walipimwa macho, masikio, presha, mkojo, na kusikilizwa kifua. Kipimo cha umeme wa moyo hakikudaiwa ila daktari akisikia jambo.

"Nenda kwa yule wa upande wa pili wa mji," shemeji alimshauri. "Mpole yule. Ukipumua tu, anapiga muhuri."

"Namtaka yule yule wa zamani."

"Shemeji, unatafuta cheti au unatafuta kichwa cha mtu?"

"Vyote vinatoka chumba kimoja."

Akaanza kujiandaa kama bondia. Aliacha chumvi, akaacha sukari, akaacha sigara. Kila alfajiri alipanda kilima chenye tangi la maji huku akimtukana Daktari kimoyomoyo, tusi moja kwa kila pumzi. Presha ikashuka. Tumbo likaondoka. Mkewe alimtazama akikaza mkanda tundu jingine, akatikisa kichwa. "Baba, sisi tuliokupenda hatukuweza kukutoa sigara moja mkononi," alisema. "Ningejua, ningekutukana tangu siku ya harusi."

Alitaka mambo mawili: kukaa tena kiti cha kushoto, cha rubani, kabla hajafa, na mkono ule ule uliomshusha uwe ndio unaompandisha. Hakuyaona kuwa mawili. Kwake yalikuwa kitu kimoja.

Siku ya kupimwa, shemeji alimpeleka kwa pikapu, akabaki nje na ufunguo wa ndege mfukoni. Mafuta yalikwisha kujazwa. Mapokezi palikuwa na daktari kijana, binti aliyekuwa akijifunza kazi hiyo, akampima uzito, presha na macho. Yote yakawa mazuri. Kwenye benchi walikaa marubani watatu wenye mashati meupe, umri wa wajukuu.

Daktari alikuwa amezeeka vibaya, ngozi imemlegea shingoni kama shati la kuazima. Alimtazama Kipanga usoni, kwa makini sana, akauliza kama ni mara yake ya kwanza kufika pale. Kipanga alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kutojulikana. Aligeuka kutundika koti ukutani, akajibu kwa ukali kwamba siyo. Hakupata jawabu. Simu ya mezani ikaita, ikaita mpaka ikachoka, na Daktari hakuitazama.

Ukafika wakati wa masikio. Kipimo chenyewe ni cha kale: mpimwaji husimama amegeukia ukuta, daktari akinong'ona nyuma yake, naye hurudia alichosikia.

"Arobaini na sita," Daktari alinong'ona.

Kipanga akarudia.

"Vizuri. Themanini na moja."

"Kumi na mbili," alijibu Kipanga makusudi.

"Vizuri. Hamsini na tisa."

Kipanga alivuta pumzi. Kwa sauti ya mazungumzo, wala si ya chini, akasema, "Mjinga wewe."

"Vizuri sana," alisema Daktari, na kalamu ikakwaruza karatasi.

Akiwa bado ametazama ukuta, Kipanga alihisi furaha ikimpanda mwilini kama homa. Akalala kitandani, akafungua shati. Daktari alifumba macho, akaiweka stetoskopu hapa, akaihamisha pale, kwa mikono iliyokumbuka kazi yake vizuri. "Safi kabisa," alisema. "Moyo wa kijana." Akatia sahihi, akagonga muhuri, akaisogeza karatasi kwenye ukingo wa meza.

Kipanga hakuigusa. Ilikuwa na faida gani, sifa ya moyo iliyotolewa na mtu asiyesikia hata simu? Alikwenda mlangoni, akausukuma hadi ukagonga ukuta, na wale watatu wa kwenye benchi wakainua vichwa.

"Binti," aliita, "njoo unisikilize kifua. Mkubwa wako ni kiziwi. Nimemtukana, akaniambia vizuri sana."

Binti alikuja mbio kuufunga mlango. Kipanga akauzuia kwa mguu. Usoni mwa binti hapakuwa na mshangao, na Kipanga akaelewa kwamba alilijua jambo hilo siku nyingi, na alikuwa akimsitiri mzee wake.

"Baba, cheti hicho hapo mezani," alisema kwa sauti ya chini. "Kichukue, nenda karuke. Nakuomba."

Hapo ndipo kile kimoja kilipokuwa viwili. Kipanga aliitazama karatasi, muhuri wake bado mbichi. Akamtazama Daktari, aliyekuwa akihamisha macho kutoka mdomo mmoja hadi mwingine kama mtoto anayetazama ugomvi wa wakubwa.

"Nisikilize kwanza," alisema. "Wajue wote kwamba kifua ni kizima, na kwamba mtu huyu hakusikia kitu. Wala leo, wala siku ile aliyonitoa angani."

Binti akaivaa stetoskopu yake kwa hasira. Hasira ikamwisha usoni kidogo kidogo. Alisikiliza juu, akasikiliza chini, akarudi juu, akamwambia azuie pumzi.

"Kuna nini?" aliuliza Daktari.

Binti alimgeukia ili aone midomo. "Mlio."

"Upande wa kulia wa mfupa wa kifua, juu? Unapanda hadi shingoni? Kama mlango wenye kutu?"

Binti aliitikia kwa kichwa, na Daktari akamtazama Kipanga kama mtu aliyerudi kutoka safari. "Rubani wa pamba," alisema taratibu. "Ulikuwa mdogo mno mlio huo. Nilidhani hakuna mwingine atakayeusikia, watanicheka."

Binti aliichukua karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni. Akasema hawezi kumwachia cheti hicho. Kipanga alifunga vifungo, na mlango ulikuwa wazi, na safari hii hakuna aliyecheka. Alipotoka, wale vijana watatu walikwisha kusimama, mmoja akiuliza mapokezi kama wanaweza kupimiwa mahali pengine.

Kwenye pikapu alisimulia yote bila kupunguza. Shemeji alisikiliza mikono ikiwa juu ya usukani. "Mchimba shimo," alisema mwishowe, akaacha hapo.

"Malizia."

"Umeshaimalizia mwenyewe. Tuondoke?"

Kipanga alikataa. Alitaka kumwona akitoka. Jua likahama kutoka kioo cha mbele hadi cha pembeni, ndipo Daktari akatokea, binti amemshika kiwiko, na mkoba umejaa vitu vya mezani. Aliiona pikapu, akaijia, akainama dirishani.

"Usipande vilima," alisema. "Kapime wiki hii. Usingoje."

"Uliwaambia wenzangu umeniondoa angani," Kipanga alisema polepole, ili kila neno lionekane. "Wakanicheka."

Daktari alifikiri. Alitafuta kweli, hilo Kipanga aliliona. "Nilisema hivyo?" aliuliza. Kisha akagonga bati la mlango mara moja, kama anayeaga, akaongozwa kwenda zake.

Moyo wa mtu aliukumbuka. Neno lake mwenyewe alilisahau. Kipanga alipandisha kioo. Maji aliyoyakoroga mwenyewe, ambayo Kipanga alitaka kumwona akiyanywa, mzee yule aliyapita kama hayakuwa yake.

Walikwenda hadi njia panda. Shemeji alipowasha taa ya kuelekea nyumbani, Kipanga akamwambia akate kulia, barabara ya hospitali.

"Leo leo?" shemeji alishangaa. "Nilidhani utamsusia."

"Yule ana miaka themanini," alisema Kipanga, akijifunga mkanda. "Sitaki kumtangulia. Nataka niende msibani kwake kwa miguu yangu."