Safari ya Wawili Haipangwi na Mmoja

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kumbukumbu yangu imekataa kuiachia, ingawa imeshaachia mengi, pamoja na mahali nilipoweka miwani yangu asubuhi hii. Nilikuwa katikati ya shamba la chai la jirani yetu, kikapu mgongoni, nikichuma majani huku nimejaa furaha ya mtu mwenye siri. Nilidhani siri yangu ni njema. Kumbe ilikuwa inavunja nyumba yangu.

Nakusimulia haya kwa sababu dada yako ameniambia kwamba umenunua tiketi mbili kwa simu, za kwenda kusikiliza muziki Nairobi katika ule ukumbi mkubwa, na kwamba mchumba wako hajui lolote. Unataka kumshtukiza. Mimi sikukatazi. Nani alikwambia wazee hawapendi muziki? Jimiminie chai, keti, na uweke hiyo simu mbali kidogo, haitakimbia.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, hapa hapa upande wa Kabianga. Mimi na nyanya yako Rael tulikuwa tumeoana karibuni, hatujapata mtoto, tuna shamba dogo la chai na ng'ombe mmoja tuliyemwita Samo. Rael alipenda muziki kuliko nyama. Jirani yetu Mzee Nyakundi, mtu wa Kisii aliyehamia huku zamani, alikuwa na redio, na bendi za Kongo zikianza kupiga, Rael alikuwa akisimama kwenye ua na ndoo mkononi mpaka wimbo uishe. Jioni akimkama Samo alimwimbia nyimbo zile zile, bila kujua maana ya neno hata moja, na ng'ombe akatulia.

Basi nikasikia kwamba bendi mojawapo inakuja Nairobi, katika ukumbi mkubwa, Jumamosi. Nikajiambia: nitampeleka. Na nitanyamaza mpaka asubuhi ya safari, nimwambie, "Vaa, tunaenda," nione uso wake. Niliuona uso huo kichwani mwangu mara nyingi, mwanangu, hata nikawa nacheka peke yangu kama mwehu.

Lakini chai haingoji harusi wala matanga. Ilikuwa baada ya mvua, majani yanachipua kwa fujo, na lori la kiwanda lingepita kwenye kituo cha kupimia majani Jumamosi hiyo hiyo. Ukiruka siku yako, majani yanakomaa, karani wa mizani anayatupa. Nikaenda kwa Mzee Nyakundi. Siku hizo jirani alimchumia jirani. Leo kwangu, kesho kwako. Tukapatana kwamba nitachuma kwake juma lile kila nikipata nafasi, naye Jumamosi atakuja na watoto wake wachume kwangu na kumkama Samo. Nikamwapisha asiseme. Yule mzee akanitazama, akasema, "Arap Koech, hii siri ni ya nini? Wewe unaenda na mke wako, si mke wa mtu mwingine."

Nikamwambia anyamaze tu, ataona. Kijana akiwa na mpango kichwani masikio huziba.

Sasa kuna jambo ambalo sikulifikiria, na wewe ukilifikiria utaona jinsi nilivyokuwa mjinga. Mzee Nyakundi alikuwa na binti wakubwa nyumbani, na mkubwa wao, Kemunto, alikuwa msichana mzuri, mchapakazi, hajaposwa. Huku kwetu, mwanamume aliyeoa akionekana kila siku anachuma chai ya baba mwenye binti, bila malipo, huku chai yake mwenyewe inakomaa, watu hawaulizi. Wanajua. Huyo anatafuta mke wa pili, anajipendekeza kwa mkwe. Tulikuwa watu wa kanisa, ndiyo, lakini hata miongoni mwa watu wa kanisa walikuwapo waliojenga nyumba ya pili upande wa chini wa shamba. Kisimani maneno yakaanza. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Mimi sikusikia kitu. Niliona tu kwamba Rael amepunguza maneno. Jioni moja akaniuliza, "Hiyo kazi unafanya kwa Nyakundi, unalipwa nini?"

Nikacheka. Mwanangu, nilicheka! Nikamwambia, "Utajua tu. Ngoja Jumamosi."

Jaribu kujiweka mahali pake. Mwanamke amesikia kwamba mumewe anaoa tena, anamuuliza, naye anacheka na kumwambia atajua Jumamosi. Usiku ule hakumwimbia Samo. Ng'ombe akapiga ndoo teke, maziwa yakamwagika yote, na mimi nikalala usingizi mzuri.

Kesho yake ndiyo ile siku ninayoikumbuka. Niko katikati ya chai ya Nyakundi, naona mtu anakuja kwa fimbo, polepole, anasimama kupumua, anakuja tena. Ni bibi yangu, mama yake baba, yule ambaye sisi Wakipsigis tunamwita kogo. Kogo alikuwa hatoki tena nyumbani isipokuwa kwa msiba. Nikateremsha kikapu.

"Nani amekufa?" nikauliza.

"Bado," akasema. "Mke wako anafunga mzigo wake. Anarudi kwao Sigor. Nimemwambia angoje nikuulize wewe kwanza. Sasa nakuuliza. Huyu msichana umemtaka?"

Nikamweleza yote, haraka haraka: bendi, ukumbi, Jumamosi, uso wa Rael nitakaouona. Kogo akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu hakupiga kelele, na hilo ndilo liliniuma. Akasema, "Kwa hiyo umechukua furaha ya watu wawili ukaitia kwenye tumbo la mtu mmoja. Wewe umeshiba siku zote hizi. Mwenzako amekula nini?"

"Nilitaka kumshtua, kogo."

"Umemshtua."

Akageuka, akaanza safari yake ya kurudi. Nilitaka kumshika mkono, akanionyesha nyumbani kwa fimbo. Nikakimbia.

Nilimkuta Rael mlangoni, mzigo chini, kitambaa kichwani, macho makavu. Nikasema kila kitu nikiwa bado natweta. Akanisikiliza, kisha akakaa juu ya mzigo wake akaanza kulia, akilia anacheka, akicheka ananipiga kwa ncha ya leso. "Mimi nilikuwa naaga nyumba hii," akasema. "Nimeaga hata kuku."

Nikaomba msamaha. Sikuwa nimezoea kuomba msamaha, kwa hiyo niliomba vibaya, lakini aliupokea.

Nilidhani mambo yameisha. Ndipo alipofuta uso, akaniuliza, "Na tutalala wapi?"

Mwanangu, nilikuwa nimepanga basi la kwenda, nimepanga kiti ndani ya ukumbi, nimepanga hata suruali yangu ya bugaluu, ile pana miguuni iliyofagia njia nzima. Muziki ukiisha, nilikuwa sijapanga kitu. Mpanda ngazi hushuka, lakini mimi nilikuwa nimeona ngazi ya kupanda tu.

"Mjomba wangu anafanya kazi ya reli Nairobi," akasema Rael. "Ana nyumba. Ungeniuliza ungejua."

Halafu akauliza, "Na Samo atakamwa na nani?"

"Watoto wa Nyakundi."

Hapo akacheka kabisa. Samo hakukubali mkono wa mtu mwingine. Mimi mwenyewe aliwahi kunipiga teke nikaanguka kwenye mavi. Kama tungeondoka ile Jumamosi kwa mpango wangu, ng'ombe angekaa na maziwa mpaka kiwele kivimbe, na pengine mtoto wa watu angevunjika mguu.

Basi akafanya jambo ambalo mpaka leo nalistaajabia. Akaondoka, akaenda mwenyewe kwa Mzee Nyakundi, mchana, watu wote wakimwona, akamwomba Kemunto aje kwetu jioni. Msichana alikuja ameinamisha kichwa, maana maneno ya kisimani yalikuwa yamemfikia naye. Rael akavua leso yake akamfunga nayo, ili ng'ombe asikie harufu anayoijua, akamkalisha kwenye kigoda, akamwambia, "Sasa imba." Kemunto akauliza aimbe nini. Rael akamfundisha ule wimbo wa redio. Jioni ya kwanza Samo aliwatazama kwa dharau, na maziwa yalikuwa ya kulamba tu. Jioni iliyofuata akalegea. Kufikia Ijumaa Kemunto alijaza ndoo, na wale wawili walikuwa wakicheka mpaka nikajihisi mgeni nyumbani kwangu. Kisimani wakaona Rael na Kemunto wanateka maji pamoja, wakatafuta habari nyingine.

Na zile jioni, mwanangu! Tulipanga ile safari kila usiku kando ya moto. Rael akauliza watu wanavaa nini, bendi ina wapiga gitaa wangapi, mjomba tumpelekee mahindi au maziwa ya kibuyu. Akavaa viatu vyake vya kanisani akacheza sakafuni kujaribu kama vitastahimili. Tukakubaliana tutatoka ukumbini kabla ya mwisho, tukutane na mjomba anapomaliza zamu yake, atupeleke. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tukaenda. Unataka kujua muziki ulikuwaje? Ulikuwa mzuri, na ukumbi ulikuwa mkubwa mpaka nikatafuta nguzo ya kushika. Watu walijaa. Karibu nasi alikuwapo bwana mmoja amevaa vizuri kuliko mimi, na mkewe amenuna, anamwambia alitaka kubaki na mtoto wake mgonjwa, na bwana huyo hakumuuliza. Nikamtazama yule bwana, nikamwonea huruma, nikasogea karibu na Rael. Yeye alikuwa akiimba na bendi, maneno yote, bila kuelewa hata moja.

Sasa sikia neno langu. Jambo la kufurahisha ukimpangia mtu, mpangie naye. Usimbebe mwenzako kama gunia, hata kama unampeleka mahali pazuri. Muulize anataka nini, anaogopa nini, ana mjomba gani. Panga kurudi kabla hujapanga kwenda. Na kitu ambacho kitafanya watu wakudhanie vibaya, kiseme mapema, kwa mdomo wako mwenyewe, kwa mtu anayehusika. Mficha uchi hazai.

Lakini haya yote ungeyasikia hata kanisani. Mimi nina moja zaidi. Nyanya yako ametangulia, na mimi namkosa, sioni haya kusema. Ninapomkumbuka, sikumbuki sana ule ukumbi. Namkumbuka anacheza na viatu vya kanisani kwenye sakafu ya udongo, anauliza wapiga gitaa ni wangapi. Zile jioni za kungoja ndizo zilizokuwa zetu. Na siku za kwanza za juma lile nilimnyima, nikazila peke yangu, naye akazilia. Leo ningezirudisha kwa gharama yoyote, na hazirudi.

Kwa hiyo maliza chai yako, uende kwa yule msichana leo hii, umwambie una tiketi. Uso wake utauona tu, na utauona siku nyingi zaidi. Mungu awatangulie njiani na awarudishe salama. Akupe mwenzi wa kupanga naye mpaka mzeeke, na nyumba yako isikose maziwa wala kicheko. Nenda, mwanangu. Nenda sasa, kabla hajasikia kwa mwingine.