Mahindi ni Mahindi, Nilijiambia

Aibu hii nimeificha hata kwa dada yangu, lakini leo acha niitoe tu, maana kuibeba peke yangu kumenichosha.

Nafanya kazi Mirdif, kwa familia ya Kizanzibari iliyokaa Dubai miaka mingi. Nafua, napiga pasi, naangalia watoto, na kwa ajili ya hao watoto wakisafiri nami nimo. Wanapenda chakula cha Meksiko kupita kiasi (nyumbani pilau, wakitoka nje ni taco tu, vile vichapati vyembamba vya mahindi vinavyokunjiwa nyama ndani), basi London nikala taco ya samaki, Istanbul ya kondoo, Kuala Lumpur ya kuku aliyetiwa nanasi, nikaanza kujiona bingwa, na Meksiko kwenyewe sijafika. Madam aliposema anatafuta mpishi, nikamwambia asihangaike, mimi nipo. Pasi ilikuwa imenichosha, jamani. Akanipa jaribio: Ijumaa anakuja jirani mpya, mama wa Kimeksiko na mumewe, nipike taco, nikiweza jiko ni langu.

Akaniandikia unga maalumu wa mahindi nikanunue. Dukani nikauona, kapakiti kadogo, nikaudharau. Mtu wa Kitale, kwenye mashamba ya mahindi, nifundishwe mahindi? Mahindi ni mahindi. Nikatumia unga wangu wa ugali niliokuwa nimeununua Deira.

Kila nilichosukuma kilipasuka kabla ya kufika kwenye kikaango. Nikaongeza maji ya moto, ukalainika mno, nikaongeza unga, ukawa mgumu, nikautia sufuriani motoni labda utashikana, huku nawasikia wageni sebuleni, na mwishowe nilichokuwa nacho kwenye sufuria ni ugali, ugali kamili. Hapo bado ningeweza kusema ukweli. Badala yake nikaukata vipande, nikapanga nyama juu, nikapeleka mezani.

Yule mama akauliza kwa upole ni chakula gani, nami (sijui ulimi huu nilipewa na nani) nikajibu kwamba ndivyo taco zinavyopikwa Oaxaca, jina nililoliona kwenye menyu kule London.

"Mimi nimezaliwa Oaxaca," akasema.

Hakucheka, na afadhali angecheka. Akamega ule ugali, akala, akanieleza taratibu kwamba kwao mahindi huchemshwa kwanza na chokaa ndipo yasagwe, la sivyo unga haushikani. Nilisimama na sinia mkononi, jasho linanitoka na AC inawaka.

Madam akanifuata jikoni. Nilidhani atanigombeza kwa chakula.

"Unga kukushinda si kitu, ungenambia tungeagiza," akasema. "Lakini umemdanganya mgeni wangu, nyumbani kwangu. Anayewapikia wanangu nataka nimwamini."

Niliumia, kwa sababu alisema kweli. Wiki iliyofuata alikuja mpishi, dada mmoja Mganda, mpole, akaniuliza chumvi inakaa wapi. Nikamwonyesha, nikarudi kwenye pasi. Siku hizi nikiulizwa nisilolijua nasema sijui, hata mbele ya wageni. Ningelisema siku ile, jiko lingekuwa langu.