Mwanachama Amepumzika

Nilitoka Kyela kwa meli, nikashuka Ziwa Nyasa bandari baada ya bandari, nimelalia begi langu kati ya magunia ya mchele. Ngumbo ilipita kushoto, mapaa ya bati na moshi wa kukaushia samaki. Mbamba Bay nikapanda gari la Mbinga, na kila kona ya mlima ikanipunguzia joto la ziwa, mpaka nikafika nimevaa mashati mawili. Tangu nimalize kidato cha nne nimehama miji mingi, na yote huwa naikumbuka kwa kupenda. Mbinga hunijia bila kuitwa.

Chama cha wakulima wa kahawa kilikuwa kimeweka wakala wa akili mnemba kwenye mfumo wake. Mkulima akituma ujumbe kwa simu, wakala anausoma, kisha anachagua kitendo: kutoa mbolea, kubadili jina, kufunga uanachama. Lakini hajui chochote cha huku isipokuwa maelezo aliyoandikiwa chini ya kila kitendo, na yalikuwa maneno mawili matatu tu. Niliitwa niyaandike upya kwa Kiswahili cha wazi: kitendo hiki kinafanya nini, kitumike lini, kisitumike lini.

"Kumbe unaifundisha mashine adabu," karani alinitania. Alikuwa dada wa Tanga aliyehamia huku kikazi. "Mimi wakwe zangu wamenishinda. Ukimaliza hapa uje na kwao."

Tatizo lilikuwa kitendo kimoja, "pumzisha". Mkulima akikata mikahawa mizee ili ichipue upya, hukaa bila mavuno, na watu husema amepumzika. Akifa, husema vilevile. Makarani walitumia neno hilo kwa wote, maana wao walijua nani yuko nyumbani na nani yuko kaburini. Wakala hakujua. Msimu ulipofunguliwa aliwaandikia wote: "Shikamoo mzee. Tunaamini umepumzika vya kutosha. Tunakusubiri."

Nilisoma majibu. Wengine walitukana. Simu moja ya kijiji cha Mkumbi ilijibu: "Bado hajarudi."

Mwenye simu hiyo alikuja ofisini, mama wa makamo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nataka mbolea. Mashine yenu inasema mume wangu amepumzika, hapewi."

Karani alininong'oneza habari yake. Mume aliteremka ziwani kununua samaki, mtumbwi ukapinduka, mwili haukuonekana, na makarani wakamwandika amepumzika. Ndugu zake wakakataa matanga. Bila mwili, walisema, hakuna msiba. Kwa hiyo mama huyu hakuwahi kulia na watu wala kupewa pole. Na mikahawa, iliyokuwa ikimlisha, ilianza kuwa ya njano.

Nikamweleza kwamba sasa nimetenganisha vitendo. Aliyekata mikahawa anapumzishwa. Aliyefariki, nafasi yake inachukuliwa na mrithi, na mrithi anapata mbolea. Ila nimemwagiza wakala asikisie. Lazima mwenye simu amwambie waziwazi kwamba mwanachama amefariki.

"Si uandike wewe?"

"Siwezi, mama. Mimi simjui."

"Basi andika amechelewa."

Karani alicheka, halafu akaziba mdomo.

Nilijaribu kuongeza hali ya tatu, ya mtu asiyejulikana alipo. Viongozi wa chama wakaikataa: mtu wa namna hiyo hana mrithi. Tangu hapo, kila simu ilipoita pale ofisini nilihisi ni yule mume anapiga kutoka majini kuuliza tumemwandika vipi.

Mama alirudi siku ambayo ofisi ilijaa watu. Alikaa kwenye benchi, akaandika kwa kidole kimoja, polepole, akatuma. Jibu lilipoingia akampa karani amsomee. Karani akasoma kwa sauti kabla ya kufikiri:

"Pole sana mama kwa msiba wa mume wako. Nafasi yake sasa ni yako..."

Hakumaliza. Mama alipiga yowe. Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakavua viatu, wakakaa naye sakafuni, wakalia. Hakuna aliyeuliza mwili uko wapi.

Baadaye nilipekua maelezo yangu yote. Neno "pole" sikuwa nimeliandika popote.

Kazi ikaisha, nikafunga begi.

"Hungoji hata matanga?" karani aliuliza. "Na wewe ndiye uliyetuletea msiba!"

Nikapitia Mkumbi. Mama alikuwa mkekani, amezungukwa na wenzake. Nikampa mkono, nikasema pole.

"Mwenzako alishasema," alijibu, na akanishika mkono kwa muda mrefu.

Shemeji zake walisimama nje ya ua, hawakuingia. Mmoja wao akanifuata mpaka barabarani.

"Kaka, nikuulize. Na akirudi? Hiyo mashine ina namna ya kumrudisha?"

Sikuwa nimeiandika. Gari la Songea likaja, nikapanda, yeye akabaki ameshika mlango.